Mama, Picha ya Uyole Tuliitundika

Mama yangu mpendwa,

Kamwene, kama mnavyosalimiana kwenu. Nakuandikia nikiwa Iringa, mjini kwenu, na mkono wangu wa kushoto umevimba kwa sababu juzi nilipigwa teke na mwalimu mstaafu aliyefundisha nusu ya wasomi wa mji huu. Hakunikusudia mimi. Alikuwa anampiga mtu mwingine, nami nikawa katikati.

Wewe hukupenda habari zinazozunguka, kwa hiyo naanza na yenyewe. Picha ya Uyole tuliitundika. Ilikatwa kwa panga mbele ya wageni, na damu ikamwagika sakafuni chini yake.

Wengi watakaosoma barua hii wanakujua kwa kazi zako za zamani. Wanamjua Mama Picha aliyefungua studio Mbeya enzi ambazo mwanamke mwenye kamera alionekana kituko. Wanawajua wanawake wako wa pareto, wachuma maua, wakiibuka kwenye ukungu na vikapu migongoni. Wanamjua yule bibi harusi wa Rungwe anayevuka matope na viatu mkononi, anacheka. Kalenda ngapi zilibeba picha hizo! Nilipokuwa mdogo nilidhani dunia nzima ina ukungu na watu wanaocheka, kwa sababu ndivyo zilivyokuwa kuta za nyumba yetu.

Lakini hawajui siku ya Uyole, nami nilikuwepo.

Tulikwenda kununua viazi. Ulikuwa unabishana na muuzaji kwamba gunia lake juu limejaa viazi vikubwa na chini ni takataka, naye anaapa kwa jina la mama yake, wewe unacheka. Ndipo tukasikia, "Mwizi! Mwizi wa pikipiki!" Kijana mmoja alikatiza kati ya malori, miguu mitupu, shati limechanika hadi kiunoni. Alianguka karibu na lori lililobeba mbolea. Hakuinuka tena, hawakumpa nafasi.

Nakumbuka sauti kuliko nilivyoona kwa macho. Tofali likigonga mgongo lina sauti nzito, kama gunia linaloshushwa. Spana ikigonga taya ina sauti nyingine, na hiyo sitaki kuieleza. Watu niliowasalimia asubuhi ile walikuwa wanasukumana wapate nafasi ya kupiga. Mama mmoja mwenye kanga mpya alikuwa anampa mwenzake mawe ili yeye mwenyewe asichafuke. Halafu sauti ikatoka nyuma: "Leteni petroli!"

Nikageuka kukushika mkono, nikakuta hupo. Ulikuwa umeshaingia kati yao.

"Mama, rudi!" nilipiga kelele.

"Mwacheni mtoto wa watu!" ulisema. Hawakukusikia. Ulisema tena, ukamvuta mmoja koti, akakusukuma bila hata kukutazama. Hapo ndipo ulipoinua kamera.

Mtu akasema, "Jamani, huyo bibi anapiga picha!" Nikaona jambo ambalo sijalisahau. Mikono ilianza kushuka. Mmoja akavuta koti akafunika uso. Yule mama wa kanga mpya akageuza mgongo akaanza kuondoka haraka haraka kama aliyekumbuka kitu jikoni. Kwa muda mfupi yule kijana alibaki peke yake chini, na ukapatikana uwazi kumzunguka. Mtu mmoja tu hakujificha. Alikuwa ameinua jiwe kwa mikono miwili juu ya kichwa, akakutazama moja kwa moja kwenye lenzi. Ukapiga. Ndiyo hiyo picha.

Akaliacha jiwe, akaokota rungu, akakufuata wewe.

Alikupiga mkono wa kulia, ule wa kubonyezea. Nilisikia mfupa. Kamera ikaanguka, mguu wa mtu ukaikanyaga, nami nikajitupa juu yake kama mtu anayekinga mtoto. Wakati wanashughulika na sisi, dereva wa lori la mbolea aliwasha gari, akarudi kinyumenyume huku honi inalia, watu wakatawanyika, yeye na utingo wake wakampakia kijana yule juu ya mifuko wakaondoka. Hivyo ndivyo alivyopona. Ulipokuwa umekaa kwenye ukingo wa mtaro, mkono unaning'inia, uliniuliza swali moja tu: "Kadi ya kamera imepona?"

Nilikukasirikia siku ile, Mama. Nilidhani ungeuliza habari za yule kijana.

Mkono ulipona ukiwa umepinda, na vidole vikabaki vinatetemeka. Nilifikiri utafunga studio, utakaa na wajukuu. Badala yake ulinunua kamera nyepesi, ukaanza kunipigia simu kila uliposikia pameharibika. "Tumpe, una gari? Twende."

Ndivyo tulivyofika Usangu siku ile ng'ombe walipoingia kwenye mpunga. Wakulima walikuwa wametoka na mapanga, wafugaji na mikuki na fimbo, na tulipofika walikuwa wameshaachana, kila upande umebeba wa kwake. Ng'ombe waliokatwa mishipa ya miguu walikuwa wanajaribu kusimama kwenye tope, wanaanguka, wanajaribu tena. Kulikuwa na mwanamke anampiga kwa mpini wa jembe ng'ombe aliyekwisha kufa. Alipiga, akalia, akapiga. Upande wa pili wa mfereji mzee wa kifugaji alikuwa amekaa chini, kichwa cha ng'ombe wake mapajani, anampangusa tope machoni. Hapakuwa na mita nyingi kati yao. Uliwapiga wote wawili katika picha moja, ukiwa umezama topeni hadi magotini, na mkono wako ukitetemeka kiasi kwamba nilitaka kuja kuushika.

Jioni jikoni kwako nilizifungua kwenye kompyuta. "Mama, picha zimetikisika," nilikuambia.

"Na watu nao walikuwa wanatikisika."

"Hiyo ni sababu, au ni kisingizio?"

Ulikoroga uji, ukafikiri, kisha ukasema, "Nyingine ni sababu. Nyingine ni kisingizio. Kazi yako ni kunichagulia, si umesomea?"

Watu mjini hawakuwa na subira ya kuchagua. Walisema Mama Picha kaisha. Walisema uzee umemharibia macho. Wale waliokuwa wakigombania kalenda zako wakaanza kukukwepa kwenye harusi, kwamba unaleta mikosi. Wewe ulisema, "Waache," ukaendelea. Uliendelea mpaka moyo ulipokataa, msimu wa baridi uliopita, tukakuleta huku Iringa tukakulaza karibu na bibi.

Sasa sikia kilichofuata.

Iliundwa kamati ya maonyesho ya kukukumbuka, mwenyekiti akawa Mwalimu Gervas. Unamkumbuka, ndiye aliyekuwa anakuja na wanafunzi wake studio, akiwasimamisha mbele ya wanawake wa pareto na kuwaambia wavue kofia. Anakupenda kweli, naomba ulishike hilo katika yote nitakayosema. Mimi niliwekwa kati ya waamuzi kwa sababu nafundisha upigaji picha, na pia, nadhani, kwa sababu mimi ndiye mwenye funguo za makabati yako.

Tulitandaza picha mezani. Zile za zamani zilipita bila mjadala. Tulipofika kwenye za mwisho, Mwalimu alivua miwani.

"Tumpe, mwanangu," alisema, "mama yako alitufundisha kujiona wazuri. Tumkumbuke kwa hilo. Hizi ni fujo."

"Mwalimu, ni kazi ya miaka yake ya mwisho. Hatuwezi kumzika mara mbili."

"Ninachosema ni kwamba hizi si sisi. Watu wetu hawako hivi. Mtu ana siku mbaya, anakasirika, lakini huwezi kumchukua siku hiyo ukaifanya ndiyo sura yake."

Sikutaka kukutetea kwa sababu tu wewe ni mama yangu, kwa hiyo nilifanya ulichoniagiza: nilichagua. Nilizitoa nyingi, Mama, usinikasirikie. Za ajali za barabarani nilizitoa zote. Pale ulikuwa unapiga kwa sababu umefika, basi. Za machimboni Chunya nilibakiza chache, kwa kuwa katika zile nyingine vumbi limefanya kazi ambayo ungepaswa kuifanya wewe. Nyingi za Usangu ni hasira yako mwenyewe, na hasira yako imewafunika watu. Lakini ile ya mwanamke na mzee na ng'ombe wawili waliokufa, nilisema ibaki hata kama nitabaki nayo peke yangu. Na ya Uyole nilisema ndiyo picha kubwa kuliko zote ulizopiga maishani, kuliko hata ya pareto. Katika ile ya pareto unatuonyesha watu uliowapenda kabla hujafika. Katika ya Uyole hujui utapenda nini, umeingia hivyo hivyo, na mtu mwenye jiwe anakutazama kama anayetaka kukuuliza kitu.

Walibishana mpaka wakachoka. Mwalimu akasema, "Haya, itundikwe. Lakini umtafute aliyepigwa. Akikataa, nasi tumekataa." Hapo alikuwa sahihi kabisa.

Nilimkuta Nyololo, anachana mbao. Anaitwa Elia. Jicho moja limefifia, na taya halikurudi mahali pake, kwa hiyo lazima umsikilize kwa makini. Nilimpa picha. Mkono wake ndio unaoonekana, na kisigino, mengine yamezibwa na miguu ya mwenye jiwe. Aliitazama muda mrefu huku mashine inanguruma nyuma yetu.

"Mimi niliiba kweli," akasema. "Ile pikipiki niliiba. Usije ukaandika pale kwamba nilisingiziwa."

"Sitaandika."

"Ndiyo maana sikutaka kesi. Ningeanza mimi kujibu." Akaigeuza picha, akaigeuza tena. "Yule bibi aliwahi kuuliza kama niliiba?"

"Hapana. Hakuwahi."

"Mke wangu aliuliza. Pasta aliuliza. Hata daktari." Akanirudishia. "Itundike. Lakini nitakuja mwenyewe niione ukutani, nijue watu wanaitazamaje."

Yule wa jiwe alinitafuta mwenyewe. Tangazo la maonyesho lilisambaa kwenye simu likiwa na ile picha, nikapigiwa na mtu mwenye sauti ya upole. Alijitambulisha kwa jina la Obedi, mfanyabiashara wa viazi.

"Dada, mimi sasa ni mzee wa kanisa," alisema. "Nina wajukuu. Wanangu hawajui. Nakuomba kwa heshima zote, uitoe."

"Baba, njoo Iringa tuzungumze. Aliyepigwa naye atakuwepo."

Kisha, bila upole tena, akasema, "Mama yako nilimvunja mkono. Wewe sijui nitakuvunja nini." Akakata simu.

Niliiambia kamati. Mlinzi akawekwa mlangoni. Tukaona inatosha.

Siku ya ufunguzi ukumbi ulijaa tangu mchana. Walikuja waliosoma na wasiosoma, mabinti wenye vitenge vya kushona, wazee wenye makoti ya harusi, na walimu wengi sana waliofundishwa na Mwalimu Gervas. Walicheka mbele ya bibi harusi wa Rungwe. Walipofika chumba cha ndani walisoma taratibu maelezo niliyobandika, ya Uyole na ya mkono wako uliovunjwa. Elia alikuwa amesimama kwenye kona karibu na picha yake, kofia mkononi, hakuna aliyemjua. Mama mmoja alimwambia, "Kaka, samahani, nipishe nione," naye akampisha.

Obedi aliingia kama mgeni mwingine yeyote, suti ya kijivu, na kitu kimefungwa kwenye gazeti chini ya kwapa. Mlinzi alimsalimia shikamoo. Alitembea moja kwa moja hadi kwenye picha ya Uyole, akaitazama sura yake, gazeti likaanguka, na panga likapanda. Pigo la kwanza lilivunja kioo. La pili lilikata kutoka kwenye jiwe hadi chini. Watu walipiga mayowe wakarudi nyuma. La tatu lilikwama kwenye fremu ya mninga, na alipokuwa anavuta panga litoke, kijana mmoja mwenye tai alimrukia mgongoni.

Ningependa kukuambia kwamba walimkamata wakamkalisha chini. Panga lilikuwa limebaki ukutani, mikono yake ilikuwa mitupu, na alikuwa ameshasema, "Basi, basi." Lakini mtu akasema, "Ndiye huyu! Ndiye wa kwenye picha!" Nikaona vile nyuso zilivyobadilika, Mama. Nilizijua. Kijana wa tai alimpiga ngumi mdomoni. Mwingine akamvuta koti akaanguka kwenye vioo. Kisha viatu vikaanza, viatu vya ngozi vilivyopigwa kiwi kwa ajili yako, vinamwingia mbavuni. "Muuaji!" walisema. "Umemvunja mkono Mama Picha!" Mwanamke mmoja alivua kiatu chenye kisigino akawa anampiga nacho kichwani, na damu ikaruka ikamgusa yeye kwenye kitenge, hata hakujiangalia.

Nilisukuma, nikapita kati ya miguu, nikapiga magoti kwenye vioo. Kichwa cha Obedi kilikuwa kinagonga sakafu kila teke, nikakishika kwa mikono miwili. Hapo ndipo teke lilipotua kwenye mkono wangu. Nikainua macho nimwone aliyelipiga. Alikuwa Mwalimu Gervas. Miwani imemdondoka, mate yako kwenye ndevu, mguu wake tayari umerudi nyuma kwa lingine.

"Mwalimu!" nilisema. "Mwalimu, shikamoo!"

Sijui kwa nini nilisema shikamoo. Ndilo neno lililotoka. Mguu ukabaki hewani. Mdomo wake ulijibu wenyewe, "Marahaba," kisha akatazama kiatu chake, akautua mguu taratibu, akashika ukuta. Wa karibu naye walimwona wakasimama. Wa nyuma waliendelea kidogo, wakakuta hakuna anayewasukuma. Mateke yakakoma.

Ndipo nikamkumbuka Elia. Alikuwa amechuchumaa kwenye kona, mikono yote miwili imefunika kichwa, magoti yamebana kifua, anatetemeka kana kwamba kila teke lilikuwa limemwingia yeye.

"Elia," nilimwita. "Elia, yamekwisha."

Hakushusha mikono. "Ameshakufa?" aliuliza kutoka humo ndani.

"Hapana. Yu hai."

"Basi mpeni maji. Ukipigwa hivyo unasikia kiu sana."

Mtu akaleta chupa. Obedi alikunywa, maji yakatoka mekundu. Alikuwa anapapasa sakafuni anatafuta jino lake, na hakuna aliyemsaidia wala aliyemzuia. Alipomwona Elia alimtazama, nadhani alimtambua kwa taya. Elia alivaa kofia, akapita kando ya ukuta, akatoka kuwahi basi la Nyololo. Polisi walipokuja walimpeleka Obedi hospitali chini ya ulinzi, kwa ajili ya panga. Walipouliza nani amempiga, wageni wote walikuwa wameshakwenda, au walikuwa wanaangalia wanawake wa pareto.

Jana asubuhi Mwalimu Gervas alikuja nilipofikia. Hakutaka kuketi. Alisema amekwisha kwenda hospitali kumwona Obedi, na Obedi aligeukia ukutani. Kisha akasema, "Niliwaambia hizi si sisi." Akautazama mkono wangu uliovimba. "Chapisheni nyingine," akasema. "Muitundike pale pale. Na mimi najiuzulu kwenye kamati, sistahili kumhukumu mama yako." Nilimwambia hakuna ruhusa ya kujiuzulu, kwamba sasa ndipo amefaa kuwa mwamuzi. Akalia, Mama. Mzee mzima amesimama uani analia. Nikamletea kiti hivyo hivyo.

Kwa hiyo hukumu imepita, na picha yako mpya iko ukutani tangu leo mchana. Watu wanaingia chumba cha ndani wakiwa wachache wachache, wanatoka bila kusemezana. Sina uhakika kama inawafanyia wema. Nina uhakika kwamba ni yako, na kwamba hukudanganya.

Limebaki moja, nalo ndilo lililonifanya nikuandikie. Wakati wote ule wa mateke kamera ilikuwa shingoni mwangu, imewashwa. Sikupiga hata picha moja. Wewe ungepiga. Ungeinua kamera, na pengine mikono na miguu ingeshuka mapema kuliko ilivyoshuka, na Mwalimu Gervas na mguu wake hewani angekuwa picha ambayo watoto wa watoto wetu wangeisimamia kimya. Mimi nilishika kichwa cha mtu. Nimejiuliza tangu juzi kama ungenisifu au ungenigombeza, nimejibu mara hivi mara vile. Sitauliza tena. Mimi si wewe, Mama, na nadhani ulilijua hilo zamani, ulipokuwa unanituma kuchagua na hunitumi kupiga.

Pumzika. Baridi ya kwenu ni kali mwaka huu, lakini ulizaliwa nayo, haitakusumbua. Wajukuu wanakusalimu. Nami nakuaga hapa, kwa upendo ule ule tuliokuwa tukigombana nao.

Mwanao wa kwanza,
Tumpe